Kikombe cha Misa na Malafu ya Kindu
Kindu, huku Kongo, si nchi ya mizabibu. Ni nchi ya michikichi, ambako malafu, yaani pombe ya mchikichi, huwa matamu asubuhi na makali jioni. Hata hivyo, kanuni ya 924 ya Kanisa Katoliki yataka divai ya Misa itokane na zabibu. Watetezi wake husema Yesu alitumia divai, na ishara moja huwaunganisha waamini wote. Hoja hiyo ina uzito. Lakini Yesu alitwaa kinywaji cha meza ya kwao, na Wakristo wa Kanisa la Kimbangu, tangu 1971, hushiriki Meza ya Bwana kwa asali na maji. Roma yenyewe iliidhinisha mwaka 1988 Misa ya Kizaire, liturujia ya Kongo ambamo wahenga hutajwa, na umoja haukuvunjika. Maaskofu wetu waufungue mjadala wa kikombe.