Karatasi ya Mmoja, Maneno ya Mwingine

Familia ikipeleka kwenye hifadhi ya nyaraka sanduku la barua alizoandikiwa marehemu babu, mtunzaji hupokea vitu viwili kwa mpigo. Karatasi anaiona. Ilikuwa mali ya babu na sasa ni ya warithi wake, nao wana haki ya kuitoa. Maneno yaliyo juu yake ni ya wale walioyaandika. Mahakama ya Uingereza iliamua hivyo mwaka 1741, pale mshairi Alexander Pope alipomshitaki mchapishaji Edmund Curll kwa kuchapisha barua zake bila idhini: aliyeandikiwa anamiliki karatasi, lakini hana ruhusa ya kuyatangaza yaliyomo.

Uamuzi huo unazaa swali gumu kuliko kesi yenyewe. Shamba likigawanywa hupungua. Utenzi ukinakiliwa mara mia haupungui hata ubeti mmoja. Kitu kisichopungua kinamilikiwaje? John Locke alifundisha kwamba mtu humiliki alichokitolea jasho, na wengi wamelitegemea jibu hilo kuitetea hakimiliki. Lina ufa. Shamba la mkulima hurithiwa vizazi na vizazi, ilhali haki ya mwandishi ina mwisho: Mkataba wa Berne wa 1886 unaweka kiwango cha chini kuwa uhai wake na miaka 50 baada ya kifo. Immanuel Kant, mwaka 1785, alipita njia nyingine. Kwake kitabu ni mtu anayesema na watu, na mchapishaji ni msemaji wake. Anayechapisha bila ridhaa anamsemesha mtu kwa nguvu. Hoja hii ndiyo inayoeleza vizuri kwa nini barua ya siri isichapishwe hata kama haina thamani sokoni.

Mafakihi wa Kiislamu nao walivutana. Kwa upande mmoja, kuficha elimu ni dhambi. Tena Wahanafi wa kale walihesabu mali kuwa kitu kinachoshikika, na Mufti Muhammad Shafi wa Pakistan alikataa kabisa haki ya mwandishi kuuzwa. Kwa upande wa pili, madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi katika pwani ya Afrika Mashariki, huyahesabu manufaa kuwa mali, kwa hiyo mlango ulikuwa wazi zaidi. Mwezi Desemba 1988, mjini Kuwait, Baraza la Fikihi la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu liliamua kwamba haki ya mtunzi inalindwa kisheria na haifai kuvunjwa.

Kuna taasisi kongwe zaidi ambayo wakutubi wa pwani wanaifahamu: wakfu. Mali ya wakfu haiuzwi, haitolewi zawadi, hairithiwi. Hutumiwa tu kwa lengo aliloliweka yule aliyeitoa. Miswada kadhaa iliyotunzwa katika Msikiti wa Riyadha, Lamu, imeandikwa kuwa ni wakfu. Ukiilinganisha na hakimiliki, mambo yanageuka kichwa chini. Hakimiliki huiachia nakala na kuyafunga maneno: aliyenunua kitabu anaweza kukiuza, ila hawezi kukichapisha. Wakfu huifunga nakala na kuyaachia maneno: mwanafunzi alikaa akanakili atakavyo, ila kitabu hakikuondoka.

Ndiyo maana kusema tu kwamba hakimiliki imekwisha hakutoshi. Miswada ya Riyadha imepigwa picha kwa msaada wa mradi wa Maktaba ya Uingereza, na kwa maandiko ya watunzi waliokufa karne nyingi zilizopita hakimiliki haina la kusema. Sharti la aliyeweka wakfu bado lina la kusema, na mtunzaji anayelipuuza amevunja amana ingawa hakuna mahakama ya hakimiliki itakayomwita.

Kinyume chake pia hutokea. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, kwa hiyo kwa hesabu ya miaka 50 kazi alizozichapa zilifunguka mwisho wa 2012. Lakini nchini Uingereza, barua ambayo haikuwahi kuchapishwa, hata ya mtu aliyezikwa zamani sana, kwa kawaida imefungwa hadi mwisho wa 2039. Hapo sheria inamlinda mtu ambaye hata wajukuu wake hawajulikani, na ni vigumu kuona nani ananufaika. Zanzibar nayo ina sheria yake ya hakimiliki, mbali na ile ya Tanzania Bara ya 1999, basi mtunzaji aanze kwa kujua anasimama upande gani wa bahari.

Lile sanduku la barua linaweza kupokewa, kuhifadhiwa na kusomwa ndani ya chumba cha wasomaji. Kuzichapa au kuziweka kwenye intaneti ni jambo jingine. Siku ya makabidhiano familia iulizwe mawili: nani waliandika, na marehemu aliahidi nini juu ya barua hizo. Majibu yaandikwe kwenye fomu ileile ya kupokelea, kabla wanaojua hawajaondoka.