Je, Hofu Ikitulia, Kazi ya Mlinzi Imetimia?

Twajua sote ya kuwa askari polisi amewekwa ili alinde watu na mali. Lakini ulinzi wake twaupimaje? Je, kwa wezi kupungua, au kwa watu kulala pasipo hofu? Swali hili limechunguzwa katika miji miwili ya Marekani.

Huko Kansas City, katika jimbo la Missouri, tangu Oktoba 1972 hata Septemba 1973, mitaa 15 iliyolindwa na polisi iligawanywa mafungu matatu. Katika fungu la kwanza doria ya motakaa iliondolewa, askari wasiingie mpaka waitwe. La pili liliachwa kama ilivyokuwa desturi. Katika la tatu motakaa ziliongezwa mara mbili au tatu. Mwaka ulipokwisha, wachunguzi hawakuona tofauti ya maana, si katika uhalifu wala katika hofu ya watu.

Kisha huko Newark, katika jimbo la New Jersey, mwaka 1978 na 1979, askari walipelekwa kulinda mitaa kwa miguu. Huko nako uhalifu haukupungua. Lakini wenyeji walijiona salama zaidi, nao wakaridhika zaidi na polisi wao.

Labda mtu atasema, "Basi watu wale walidanganywa. Walibembelezwa kama mtoto, na mwizi yungali mlangoni." Neno hili lina uzito, wala hatulidharau. Lakini hofu nayo ni mwizi: humfungia mzee nyumbani, huwaondoa watoto barazani, humfanya jirani asimwamkie jirani. Aliyerudishiwa njia yake ya sokoni amerudishiwa mali ya kweli.

Hata hivyo twaona ya kuwa hiyo ni nusu ya kazi. Mwenye motakaa hupita. Mwendao kwa miguu huamkia na kuamkiwa, na watu wakimzoea humwamini. Imani hiyo ni amana mkononi mwake. Akisikia malalamiko yao na kuyafuatia, ameitunza. Akipokea salamu zao tu na kuyaacha malalamiko, ndipo amewadanganya.

Nasi tulio wenyeji yatupasa tujiulize. Tukisikia mlango wa jirani ukivunjwa usiku, je, twatoka na kupiga kelele, au twajifunika shuka tukisema, "Polisi wapo"? Askari mmoja hawezi kulinda mtaa ambao wenyewe wameuacha.