Mjukuu wangu, alama hiyo bado si yako

Mjukuu wangu, ujumbe wako umefika. Unasema kwa furaha kwamba alama yako ya majaribio ya GMAT, ule mtihani wa kuingia shule za biashara, imepanda kutoka 545 hadi 645 ndani ya siku 9. Macho yangu hayataki tena herufi ndogo, kwa hiyo nilimwomba jirani anisomee mara ya pili, na ndipo nikasikia neno ulilolipitisha haraka: umerudia jaribio lile lile. Keti nikuambie tena, hata kama nimechoka kusema.

Nilifundisha hesabu Masisi, mashariki mwa Kongo, darasa la sita la humanite, yaani sekondari, upande wa biashara. Kila mwaka kabla ya Mtihani wa Serikali, huo tunaouita Exetat, niliwapa watoto maswali ya miaka iliyopita. Tukayarudia na kuyarudia. Mwishowe darasa zima likawa linapata 70, 80, nami nikafurahi kuliko wao. Exetat inataka 50 kwa mia tu. Matokeo yalipotoka, wengi hawakuifikia hiyo 50. Walikuwa wamekariri kwamba swali la riba jibu lake ni la tatu. Riba ilipobadilishwa, wakabaki wanaangalia karatasi. Wazazi wao walikuwa wameuza mbuzi na viazi walipe masomo. Kosa lile lilikuwa langu, na mpaka leo linanikaa kifuani.

Kisha ukaja mwaka 1993. Vita vilianzia Ntoto, huko Walikale, vikapanda hadi Masisi, na madaftari yakaungua pamoja na nyumba. Tuliporudi darasani sikuwa na swali hata moja la zamani. Nikabaki na neno moja la kuwauliza: kwa nini umefanya hivyo? Mtoto akieleza, ninambadilishia namba, anaeleza tena. Nadhani hapo ndipo nilipoanza kufundisha.

Sasa GMAT yako. Tangu ilipobadilishwa mwishoni mwa 2023 ina sehemu 3, kila moja dakika 45, na alama zake zinatoka 205 hadi 805. Ukijibu vizuri, mashine inakuletea swali gumu zaidi. Kwa hiyo ukijibu kwa kukumbuka, inapima mtu mwingine kabisa, halafu inakupa wewe alama zake. Majaribio rasmi ya bure ni 2, na moja umekwisha kulimaliza. La pili usiliguse. Mama yako mkubwa alikuwa akitundika mahindi ya mbegu juu ya moto wa jikoni, na hata njaa ilipotubana hakuyashusha. Nawe jaribio hilo lishushe wiki mbili kabla ya mtihani, siku umelala vizuri, na saa mbele yako.

Mpaka hapo, fungua daftari. Andika kila swali ulilokosa, na pembeni useme kweli: sikujua, au nilijua nikasoma vibaya, au muda uliniishia. Hayo ni magonjwa matatu, na dawa moja haiyaponyi.

Ninaogopa hasa lile la kusoma vibaya, maana wewe umesoma kwa Kifaransa. Ukiona 1,250, mkono wako unaandika moja na robo. Kwa Kiingereza hiyo ni elfu moja mia mbili na hamsini. Billion yao ni miliari yetu. Mtu anaweza kujua hesabu yote na kuanguka juu ya mkato mmoja.

Na kwenye sehemu ya hesabu huruhusiwi kikokotoo. Unakumbuka wale mama wa soko la Sake? Mteja anatoa dola, anataka maharagwe na jibini, chenji irudi kwa faranga, na mama anamaliza kuhesabu kabla mteja hajafunga mfuko. Fanya hivyo kila asubuhi, kichwani, bila simu. Maswali 21 kwa dakika 45 yanakuachia dakika mbili na kidogo kwa kila moja. Likikushinda, chagua jibu uendelee; mwishoni unaweza kubadilisha majibu 3 katika kila sehemu, lakini swali usilolifikia linakukata alama.

Usinitumie tena alama. Jumapili, mtandao ukikubali, nipigie unisomee swali moja ulilolikosa, unieleze polepole bila kuangalia jibu. Nami nitakubadilishia namba. Simu ikikatika, piga tena, sitalala.