Kuuliza Kabla ya Kutenda

Mafungu ya juma hili: Marko 10:46-52, Nehemia 2:11-18, 3:28-30, Matendo 6:1-7, Mathayo 6:1-4.

Fungu la kukariri: Marko 10:51

Kazi ya vijana katika Kanisa la Waadventista Wasabato haikuanzia ofisini. Mwaka 1879, huko Hazelton katika jimbo la Michigan, Marekani, Luther Warren mwenye umri wa miaka 14 na Harry Fenner mwenye miaka 17 walikuwa wakitembea njiani huku wakizungumza habari za vijana wenzao. Wakaomba pamoja, kisha wakaanzisha kikundi kidogo. Idara ya vijana ya kanisa iliundwa miaka mingi baadaye, mwaka 1907. Vijana hao wawili walianza na watu waliowafahamu.

Leo wanafunzi wa chuo wakiketi kupanga huduma kwa jamii, mara nyingi swali la kwanza ni, "Nani ana wazo?" Mmoja anataka kufagia soko, mwingine kupaka rangi zahanati, mwingine kupeleka sabuni na sukari kwa yatima. Kura inapigwa, fulana zinachapishwa, picha zinapigwa, na juma linalofuata kila mtu amerudi kwenye vitabu vyake. Kazi hizo ni njema. Lakini je, kuna aliyewauliza watu wa soko, wa zahanati, au wale watoto?

Soma Marko 10:46-52. Upofu wa Bartimayo ulionekana wazi kwa kila mtu. Kwa nini basi Yesu alimwuliza anataka atendewe nini?

Umati ulikuwa umekwisha kuamua kwamba jambo jema kwa Bartimayo ni kunyamaza. Yesu alisimama. Yeye ajuaye yote alimpa kipofu yule nafasi ya kusema haja yake kwa kinywa chake mwenyewe. Hakumfanya kuwa sehemu ya ratiba ya safari. Alimtendea kama mtu mwenye sauti. Ikiwa Bwana aliuliza, sisi tusiojua yote tunawezaje kuacha kuuliza?

Soma Nehemia 2:11-18. Nehemia alifanya nini kabla ya kuwaambia watu mpango wake?

Alikaa Yerusalemu siku tatu. Kisha akatoka usiku pamoja na watu wachache, akauzunguka ukuta na kuangalia mahali palipobomoka. Mahali pengine kifusi kilizuia hata mnyama wake kupita. Aliposimama mbele ya watu, alizungumza juu ya uharibifu aliouona kwa macho yake. Na kazi ilipoanza, wengi walijenga mbele ya nyumba zao wenyewe (Nehemia 3:28-30). Kila mmoja alishika sehemu aliyoifahamu na aliyoweza kuimaliza.

Tuchukue mfano mmoja wa Afrika Mashariki. Vikundi vingi vya wanafunzi huchagua kuchangia damu. Ni chaguo zuri. Mama anayetokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua, mtoto mdogo aliyepungukiwa damu kwa sababu ya malaria, majeruhi wa ajali ya barabarani: hawa wote huweza kupona au kufa kwa kutegemea damu iliyopo hospitalini siku hiyo.

Lakini wanafunzi wanaokwenda kwanza kuwauliza wahudumu wa benki ya damu husikia jambo ambalo halionekani kutoka bwenini. Wanafunzi ni sehemu kubwa ya wachangiaji wa hiari. Shule na vyuo vinapofungwa, akiba hupungua, na wagonjwa hawaendi likizo. Tena damu haiwekwi ghalani kama mahindi. Damu nzima huhifadhiwa kwenye jokofu kwa siku 35 hivi tu. Damu iliyotolewa kwa shangwe mwezi Machi haiwezi kumwokoa mama atakayejifungua mwezi Desemba.

Jibu hilo hubadilisha mradi mzima. Badala ya siku moja kubwa chuoni, kila mwanachama anaweza kuahidi kuchangia likizoni, katika hospitali iliyo karibu na kwao. Mwanamume mwenye afya huweza kuchangia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya minne. Asiyefikisha miaka 18 au kilo 50, au mwenye tatizo la kiafya, asishurutishwe. Anaweza kuwakumbusha wenzake tarehe, au kumsindikiza mwenye hofu ya sindano. Watu ni wale wale. Kilichobadilika ni tarehe, na tarehe hiyo ilipatikana kwa kuuliza.

Mradi wa namna hii una gharama yake. Hakuna umati wa kukushangilia, na mchangiaji hatajua kamwe ni nani aliyepokea damu yake. Mathayo 6:1-4 inatuuliza kama tunaweza kuridhika na Baba aonaye sirini.

Soma Matendo 6:1-7. Mitume walilishughulikiaje lalamiko la wajane?

Lalamiko lilikuwa la watu mahususi juu ya jambo mahususi: wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuwanyamazisha walalamikaji, wala hawakuanzisha kazi nyingine yenye kupendeza zaidi. Waliliita kanisa, wakaomba lichague watu saba, na majina yote saba ni ya Kiyunani. Kazi ikakabidhiwa kwa watu ambao wangebaki nayo. Kikundi cha wanafunzi, ambacho wanachama wake huhitimu na kuondoka, kinapaswa kujiuliza mapema: mwaka ujao ni nani atakayeendelea?

Tafakari: Yupo mtu gani karibu na chuo au kanisa lako ambaye umemhudumia bila kumwuliza haja yake? Ungemwuliza nini juma hili?

Maswali ya kujadili

1. Taja mradi mmoja ambao darasa au kikundi chenu kimeufanya. Wazo lilitoka kwa nani? Ni nini kilichobaki baada ya ninyi kuondoka?

2. Itakuwaje tukiuliza, kisha jibu likawa jambo tusiloliweza, au lisilotupendeza? Nehemia na mitume wanatufundisha nini hapo?

3. Chagueni watu wawili katika kundi lenu waende juma hili zahanati, shuleni au sokoni, wasikilize tu, bila kuahidi lolote. Sabato ijayo walete walichosikia, na kundi liombe juu ya jambo hilo kabla ya kupiga kura yoyote.