KUTOJUA NA KUJISAHAU SI KITU KIMOJA

Masomo: Luka 12:47-48, Yakobo 1:22-25, Ezekieli 33:1-6

Amani iwe kwenu wa Kirolirwe, na kwenu nyote mnaolala mbali na nyumba zenu kwa sababu ya vita.

Vijana wetu hujifunza Kiingereza shuleni. Humo wanakutana na neno "oblivious", na wengi huandika maana yake: asiyejua. Si uongo, lakini maana haijatimia. Neno hilo lilitoka katika Kilatini, na huko lilihusu kusahau. Waingereza wa zamani walimwita hivyo msahaulifu. Leo wanamwita hivyo mtu asiyetambua jambo lililo karibu naye kabisa. Hawalitumii kwa mtu asiyejua habari za nchi ya mbali. Ni neno la yule anayetembea katikati ya barabara, gari liko nyuma, honi inalia, naye mawazo yake yako kwingine.

Kiswahili chetu kina hekima hiyohiyo. Asiyeambiwa, twasema hajui. Aliyeambiwa akaacha neno lipotee moyoni, twasema amejisahau, ameghafilika. Na kughafilika ni ndugu wa neno "ghafula". Yote mawili yana mzizi mmoja wa Kiarabu. Aliyeghafilika hufikiwa na mambo ghafula.

Wapendwa, tutazame mfano wa nchi yetu. Sisi tunaokaa juu, penye malisho ya ng'ombe, hushuka kwenda Sake na Goma. Huko chini, katika nchi ya volkano, kuna mazuku. Si pepo, wala si ulozi wa jirani. Ni gesi ya kabonidioksidi inayotoka ardhini. Haina rangi wala harufu. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hukaa katika mashimo na mabonde madogo, hasa usiku na alfajiri wakati upepo umetulia. Mbuzi huanguka, mbwa huanguka, na mtoto aweza kuanguka kabla ya mtu mzima, kwa kuwa pua yake iko karibu na ardhi. Anayeingia kumwokoa naye aweza kuanguka juu yake.

Sasa fikirini watu wawili. Wa kwanza ni mgeni aliyekimbia vita. Anatandika mkeka bondeni kwa sababu mahali pale hapana baridi ya upepo. Huyu hajui. Wa pili ni mwenyeji. Tangu utoto ameonyeshwa bonde lile. Anampita mgeni, anawaza biashara yake, anakwenda zake. Huyu amejisahau. Mazuku yataua mgeni, lakini Mungu atamwuliza nani?

Bwana Yesu ametujibu katika Luka: mtumishi aliyejua na asiyejua hawapati adhabu sawa. Ezekieli naye anafundisha kwamba mlinzi aliyeona hatari asipige baragumu atadaiwa damu ya aliyekufa. Yakobo anamfananisha msikiaji asiyetenda na mtu aliyejitazama katika kioo, kisha akasahau sura yake. Tazameni jinsi kusahau kunavyozaa upofu!

Kanisa letu ni kanisa la unabii. Tunasikia maonyo kila juma. Basi hatari yetu si ile ya asiyeambiwa. Hatari yetu ni ile ya Samsoni katika Waamuzi 16:20, aliyeamka akidhani nguvu zake zipo, kumbe Bwana amekwisha kumwacha. Mtu aweza kuvaa kanzu nyeupe, kupiga ngoma na kuimba mpaka usiku, huku jiko la jirani halijatoa moshi siku mbili. Jirani huyo pengine ana lugha nyingine na kabila lingine. Je, si mlangoni petu anapokaa?

Kwa hiyo tunawaagiza mambo matatu juma hili.

Kwanza, kila nyumba imtembelee jirani mmoja, na kumwuliza alivyolala na alivyokula.

Pili, anayejua bonde lenye mazuku amwambie mgeni kabla jua halijatua. Wazazi wawafundishe watoto: ukiona mnyama amekufa shimoni, usishuke, rudi, ita watu wazima. Na watu wazima wasiingie mbiombio.

Tatu, kila mmoja akumbuke onyo moja alilopewa akaliacha, alitende sasa, asingoje onyo jipya.

Ee Bwana, asiyejua umhurumie na kumfundisha. Sisi tuliokwisha kufundishwa, utuamshe kabla ya saa ya ghafula. Amina.