KIJANA, UMEVUKA MPAKA?



Mpendwa kijana unayeshika karatasi hii! Labda umepewa pale stendi Holili, labda umeletewa na rafiki, labda umeiokota chini. Usiitupe kwanza. Sikuombi sadaka. Nataka tuongee jambo moja ambalo vijana wa hapa mpakani wananiuliza kila mara, na wengine wamelifanya kichaka cha kujifichia.

Wananiambia hivi: "Mwinjilisti, Wakatoliki wanasema hivi, Wabaptisti wanasema vile, na ninyi Walokole mna la kwenu. Wote mnashika Biblia. Sasa mtu anaokokaje? Mkishaelewana, mtaniita."

Swali lako ni zuri, kijana. Ni yale maneno ya mwisho yanayonitisha. Maana watu wanabishana tangu kabla babu yako hajazaliwa, na wewe unaweza kufa kesho asubuhi kwenye bodaboda huku bado unasubiri waelewane. Hebu tukae, tulitazame swali lenyewe.

MPAKA NA MLIMA

Simama hapa Holili. Ukitazama mashariki unaona mpaka, ng'ambo ya pili ni Taveta, Kenya. Geuka nyuma, na mawingu yakiondoka, unauona mlima, Mawenzi na Kibo. Mimi nimekulia katikati ya hivyo viwili, na kwa elimu yangu ndogo ya shule ya msingi na kozi ya Biblia, hivyo ndivyo nilivyokuja kuelewa tofauti ya hawa ndugu wawili. Mfano ni wangu, si wao.

Mbaptisti anauona wokovu kama MPAKA. Ama uko Holili, ama uko Taveta. Siku unapotubu na kumwamini Yesu kwa moyo wako, umevuka. Hukuvuka kwa sababu ya mzigo ulioubeba wala kwa ukoo wako. Umevuka kwa sababu Yesu alilipa.

Mkatoliki anauona wokovu kama MLIMA. Ubatizo ni lango, kama lile la Marangu. Ukishaingia, safari inaanza: Mandara, Horombo, Kibo, mpaka kilele cha Uhuru, mita 5,895. Kwa kawaida mtu hafiki kwa siku moja. Njiani unahitaji chakula, na ukianguka unahitaji wa kukuinua. Na mtu aliyeanza kupanda anaweza kugeuka akarudi chini.

WALITOKA WAPI?

Wakatoliki ni wenyeji wa siku nyingi huku kwetu. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni Bagamoyo mwaka 1868, wakakomboa watumwa, halafu mwanzoni mwa miaka ya 1890 wakapanda hadi Kilema, hapa hapa Kilimanjaro. Ndiyo maana ukiuliza nyumba kumi za Rombo, nyingi zitakuonyesha rozari ukutani.

Wabaptisti walianza mwaka 1609 katika mji wa Amsterdam, kati ya Waingereza waliokuwa wamekimbia nchi yao. Kiongozi wao, John Smyth, alisema kanisa ni la watu walioamini wenyewe, kwa hiyo wabatizwe walioamini, si watoto wachanga. Mwenzake, Thomas Helwys, alirudi Uingereza akamwandikia mfalme kwamba mfalme hana mamlaka juu ya roho za watu. Akafungwa gerezani. Tanganyika wamisionari wa Kibaptisti kutoka Marekani walifika mwaka 1956, na mwaka 1962 wakafungua chuo chao cha theolojia Arusha.

WANATOFAUTIANA WAPI?

Nitakuambia kweli, bila kumpaka mtu matope. Zamani nilikuwa nahubiri kwa kuwatukana Wakatoliki, na watu walicheka sana, lakini sikumbuki aliyeokoka kwa kicheko kile.

1. UBATIZO. Mkatoliki anabatiza hata mtoto mchanga, maana anaamini kwa maji yale Mungu mwenyewe anaondoa dhambi ya asili na kumfanya mtoto huyo kuwa wake. Mbaptisti anasema ubatizo ni ushuhuda wa jambo lililokwisha kutendeka moyoni. Kwa hiyo anamzamisha majini mtu aliyeamini kwanza.

2. NJIA YA NEEMA. Mkatoliki ana sakramenti saba, na anaamini kwamba Kristo anampa neema kupitia hizo. Akitenda dhambi ya mauti, anapoteza neema ya utakaso. Anatakiwa kutubu, kuungama kwa padre na kufanya malipizi. Mbaptisti ana maagizo mawili tu, ubatizo na meza ya Bwana, nayo ni ya kumtii na kumkumbuka Kristo. Dhambi zake anaziungama kwa Mungu moja kwa moja.

3. UHAKIKA. Ukimuuliza Mkatoliki, "Una hakika utafika mbinguni?" atakujibu, "Natumaini kwa huruma ya Mungu." Kwake, kujisifu kwamba umeshafika ni kiburi. Mbaptisti atakujibu, "Ninayo hakika." Kwake, kuwa na shaka ni kama kusema damu ya Yesu haikutosha. Na Wabaptisti wengi wanaamini aliyeokoka kweli Mungu atamlinda mpaka mwisho.

4. BAADA YA KUFA. Mkatoliki anaamini kuna toharani, ambako aliyekufa katika neema anatakaswa kabla ya kumwona Mungu, na anawaombea marehemu wake. Mbaptisti anasema kazi ya kusafisha ilimalizika msalabani.

Haya si mambo madogo, kijana. Yanagusa namna unavyolala usiku, na namna unavyozika mama yako. Anayekuambia, "Aah, ni kitu kile kile," hajawasikiliza hao wawili.

LAKINI SIKIA HILI

Vijana wengi wanadhani tofauti ni hii: Mkatoliki anajiokoa kwa matendo, Mbaptisti anaokolewa bure halafu anaishi anavyotaka. Hata mimi nilidhani hivyo. Nilikuwa nimekosea pande zote mbili.

Mwaka 1547, maaskofu Wakatoliki waliokutana Trento waliandika kwamba hakuna tendo la mtu linaloweza kustahili neema ile ya kwanza ya kuhesabiwa haki. Mungu ndiye anayeanza. Mwaka 1999 huko Augsburg, Ujerumani, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Walutheri Duniani, ambalo KKKT ni mwanachama wake, wakatia sahihi tamko la pamoja kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema tu, kwa imani katika kazi ya Kristo, na siyo kwa sababu ya wema wetu. Wabaptisti hawakutia sahihi tamko hilo. Hata hivyo wao na Wakatoliki wamekaa meza moja wakijadiliana, mwaka 1984 hadi 1988, na tena 2006 hadi 2010. Hawakumaliza yote. Lakini hakuna hata mmoja aliyeondoka pale akisema mtu anaweza kujiokoa.

Soma Waefeso sura ya 2, mstari wa 8 hadi wa 10. Mbaptisti anapenda mistari miwili ya kwanza, inayosema wokovu ni zawadi. Mkatoliki atakuambia usifunge kitabu, soma na wa tatu, unaosema tuliumbwa ili tutende mema. Kumbe yote imo ndani ya pumzi moja ya Mtume Paulo!

BIBI YANGU NA MAMA WA TAVETA

Sasa nikusimulie yaliyonipata mwenyewe.

Kabla sijaokoka nilikuwa kijana wa njia za panya. Usiku tulivusha sukari na mahindi kupitia mashambani, tukikwepa askari. Mama mmoja wa Taveta mwenye kiduka aliniamini, akanipa pesa nimnunulie mahindi. Nilizila zote. Nikaanza kumkwepa na yeye, kama nilivyokuwa nakwepa askari.

Nikiwa na miaka kumi na tisa nikaingia kwenye mkutano wa Injili, nikalia, nikaomba toba, nikaokoka. Asubuhi nikaenda mbio kwa bibi yangu. Bibi alikuwa Mkatoliki wa rozari, kila alfajiri yuko magotini kabla hata kuku hawajashuka. Nikamwambia, "Bibi, mimi nimeokoka. Na wewe unatakiwa uokoke, hizo shanga hazitakusaidia!"

Bibi hakukasirika. Aliendelea kumenya ndizi za mtori. Akaniuliza, "Umeokoka lini, mjukuu wangu?"

"Jana jioni, saa kumi na mbili!"

"Mungu ashukuriwe. Na pesa ya yule mama wa Taveta umerudisha lini?"

Nakwambia, nilikosa jibu. Nilikuwa nimeijua saa ya wokovu wangu, lakini deni langu lilikuwa bado liko Taveta. Nikasema, "Bibi, hizo zimefutwa msalabani." Akanijibu, "Dhambi imefutwa. Lakini yule mama bado hana mahindi."

Baadaye nilikwenda kozi ya Biblia, nikalala chumba kimoja na ndugu Mbaptisti kutoka Mbeya. Nikamsimulia kisa hiki nikidhani atanitetea. Akacheka, akasema, "Bibi yako amehubiri vizuri kuliko wewe. Kwetu pia, mti usiozaa tunajiuliza kama ulikuwa hai." Akanifungulia Luka 19, habari za Zakayo. Yesu aliingia nyumbani kwake kabla Zakayo hajarudisha hata senti moja. Hiyo ni neema. Na Zakayo hakuweza kukaa na Yesu mezani bila kusimama na kuahidi kurudisha mara nne. Hayo ndiyo matunda yake.

Likizo niliporudi nilianza kulipa. Nililipa kwa awamu tatu. Siku ya mwisho yule mama alizihesabu mara mbili, halafu akasema, "Zimepungua mia tano." Nikaongeza.

MAFICHO MAWILI

Kijana, nimekuambia haya kwa sababu nakujua. Una kichaka chako.

Wewe wa kwanza unasema, "Mimi nilibatizwa utotoni, nina kipaimara, cheti kiko kwa mama kabatini." Lakini kanisani unakwenda Krismasi na kwenye harusi, na hao wasichana wawili unawadanganya wote. Hata padre wako hatakuambia uko salama! Kanisa lako lenyewe linafundisha kwamba dhambi ya mauti inaiua ile neema. Cheti hakipandi mlima.

Wewe wa pili unasema, "Mimi niliokoka mwaka juzi, niliinua mkono mkutanoni." Lakini mkono huo huo ulioinuliwa bado unapokea bidhaa za wizi. Hata mchungaji wa Kibaptisti hatakuambia uko salama. Atakuuliza kama ulivuka kweli, au uliona tu Taveta kwa mbali. Na sisi Wapentekoste wengi tunaamini mtu anaweza kuvuka, halafu kwa hiari yake akarudi alikotoka. Katika hilo tuko karibu na Wakatoliki kuliko tunavyopenda kukiri!

Nyote wawili mnatafuta njia ya panya. Yesu alisema katika Yohana sura ya 10 kwamba asiyeingia kwa mlango ni mwizi. Na mlango ni yeye.

MIMI NASIMAMA WAPI?

Sitakuficha. Naamini mpaka ni wa kwanza. Tangu mwaka 2016 tuna kituo cha pamoja cha Holili na Taveta, na basi linafika limejaa abiria. Lakini dirishani kila mtu anasimama na hati yake mwenyewe. Mama yako anaweza kukubeba mgongoni hadi kanisani, na namshukuru Mungu kwa mama wa namna hiyo. Kuna siku lazima ushuke mgongoni useme mwenyewe, "Ndiyo, Bwana." Hilo hakuna wa kukusemea. Aliyetegemea kupanda tu, bila siku moja kujikabidhi, anaweza kuchoka maisha yake yote bila amani.

Lakini nimejifunza kwa bibi kwamba ukivuka, mlima uko mbele yako. Aliyevuka akakaa chini ya mti pale mpakani hajaenda popote.

Bibi alilala akiwa na rozari mkononi. Wapendwa wengine waliniuliza msibani, "Mwinjilisti, bibi alikuwa ameokoka?" Wakati fulani ningejibu haraka. Siku ile niliwaambia, "Huyu mama alimpenda Yesu, na aliogopa dhambi kuliko mimi. Muhuri wa mbinguni haukuwekwa mkononi mwangu." Nilimwuliza kidogo kabla ya kufa anamtegemea nani. Akaangalia msalaba ukutani, akasema, "Nimtegemee nani tena?"

Mimi jibu lile lilinitosha kumzika kwa amani.

NA WEWE JE?

Unamtegemea nani? Usinijibu kuhusu Papa, wala kuhusu Wabaptisti, wala kuhusu mwinjilisti fulani aliyeanguka. Ubishi wao hautakuwa wakili wako siku ile. Nimekuuliza wewe. Sasa hivi, ukiwa na karatasi hii mkononi.

Kama moyo wako unagonga, usiunyamazishe. Tafuta mahali pa faragha, hata kama ni nyuma ya kibanda, useme kwa maneno yako mwenyewe, au kwa haya:

"Bwana Yesu, nimejificha vya kutosha. Mimi ni mwenye dhambi, na sina cha kukulipa. Naamini ulikufa kwa ajili yangu, ukafufuka. Nipokee leo. Nisamehe. Nipe nguvu ya kurudisha nilichochukua, na kuacha ninachokijua. Kuanzia leo mimi ni wako. Amina."

Kama umeomba hivyo kwa kumaanisha, fanya mambo matatu wiki hii. Soma Injili ya Luka, sura moja kila siku. Tafuta watu wanaomcha Mungu, ukae nao, wakuonye na kukuombea. Na la tatu, unalijua mwenyewe: kuna mtu unamkwepa njiani. Nenda kwake.

Akikuambia zimepungua mia tano, ongeza.