Oktoba ya Kigoma

Vuli, kwa mtu wa Tanga au Unguja, ni mvua fupi za kati ya Oktoba na Desemba. Ujiji na Kigoma mjini hazina vuli ya namna hiyo. Huko mvua ikishaanza, kwa kawaida mwishoni mwa Oktoba au Novemba, haiagi hadi Aprili au Mei. Mwaka una mgeuko mmoja mkubwa, wa kutoka kiangazi kuingia masika, nao huangukia siku zilezile ambazo Watanzania hupiga kura.

Mgeuko huanzia ziwani, katika Tanganyika. Kuanzia Mei hadi Septemba kusi husukuma maji ya juu, yenye joto, kuelekea kaskazini. Huku kusini, upande wa Zambia, maji baridi yenye rutuba hupanda kutoka vilindini. Kusi ikitulia, maji hurudi na kuyumba kwa majuma kadhaa, kama ya beseni lililoinuliwa upande mmoja kisha likashushwa. Ndipo rutuba hufika na kaskazini, na riziki ya dagaa huongezeka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kuwa ongezeko la joto limedhoofisha kuchanganyika huko kwa maji. Ni habari nzito kwa mji uliojengwa juu ya mgongo wa dagaa.

Angani nako huonekana. Kiangazi chote moshi na ukungu mkavu huficha milima ya Kongo. Mvua ya kwanza ikishapiga, milima hiyo husimama ng'ambo, karibu kana kwamba imesogezwa usiku.

Katika mialo ya Kibirizi na Katonga, wingu la mvua hiyohiyo ni hofu. Dagaa waliovuliwa usiku kwa taa humwagwa asubuhi juu ya chanja au mchanga, na jua kali huwakausha kwa siku moja au mbili. Wakinyeshewa hupoteza mng'aro wa fedha, huwa manjano, hukatikakatika, na bei hushuka. Ndiyo maana akina mama waanikao hutazama juu mara nyingi kuliko chini, turubai likiwa karibu na mkono.

Uchaguzi mkuu umekuwa wa Oktoba tangu 1970, isipokuwa mwaka 2005, ulipoahirishwa hadi 14 Desemba baada ya mgombea mwenza mmoja kufariki. Kwa mvuvi wa dagaa, tarehe si jambo dogo. Mwaka 2015 kura zilipigwa siku mbili kabla ya mwezi mpevu, na mwaka 2020 siku tatu kabla; usiku wa mbalamwezi taa hazivuti dagaa, wavuvi hupumzika. Katika majuma ya giza, anayetoka ziwani alfajiri huenda kituoni bila kulala. Mkulima naye huitwa kituoni wakati ardhi ya mahindi na maharage inamsubiri.

Kigoma imezichukulia kura kwa uzito. Matokeo ya uchaguzi mdogo wa Kigoma Mjini wa mwaka 1994 yalipingwa mahakamani na mgombea aliyeshindwa, Dk. Aman Walid Kabourou, yakatenguliwa. Hoja mojawapo ilikuwa upendeleo wa Radio Tanzania. Kesi hiyo ingali inatajwa na wanasheria uchaguzi unapobishaniwa, na inastahili: ilithibitisha kuwa malalamiko ya mji wa pembezoni yanaweza kusikilizwa kwa ushahidi. Uchungu wa siku ya uchaguzi, Oktoba 29, 2025, kwa maandamano, vifo na kuzimwa kwa intaneti, unaonyesha kinachopotea njia hiyo ya kusikiliza malalamiko isipoaminiwa.

Kampeni hufanyika Agosti hadi Oktoba, barabara zikiwa kavu, magari ya wagombea yakifika vijiji vingi. Ahadi ya barabara hutolewa juu ya vumbi. Majuma machache baadaye hupimwa kwenye tope. Wabunge wapya wanapokula kiapo Dodoma mwezi Novemba, mabango ya kampeni yamelowa na kuchanika, na mashambani nje ya Ujiji mahindi ya kwanza yanachipua.